Salamu Juu Kabisa ya Faili

Ni mimi. Aliyeifundisha kompyuta ya ofisi kusalimia watu ni mimi, na kwa msimu mzima wa mvua za vuli nilikana. Nilikana mbele ya bosi, nikakana mbele ya karani, na Jumapili moja, mwenzangu wa kwaya aliponiuliza kwa utani kama ni kweli kompyuta za Embu siku hizi zina adabu kuliko wenyeji wake, nilikana hata pale, kitabu cha nyimbo kikiwa mkononi. Sikukana kwa ujasiri. Nilikana jinsi mwanamke wa makamo mwenye digrii anavyokana, yaani kwa kusema "labda ni mambo ya kompyuta kujisasisha" na kutazama nje kama kwamba kuna mtu ananiita.

Ofisi yetu iko mjini Embu na kazi yake ni kuhesabu mvua. Tuna vipimo mashambani, kila kimoja na mtunzaji wake, na kila asubuhi mtunzaji huangalia maji yaliyoingia, akasoma milimita, akatuletea habari. Sisi tunaziingiza kwenye kompyuta moja kubwa ambayo tunaitumia wote kwa jina moja na neno la siri moja, lililobandikwa ukutani ili liwe siri ya watu wote. Wakati huo tulikuwa watatu: bosi, ambaye alikuwa mgeni kwetu na mwenye haraka, karani, mama wa hapa hapa Embu aliyeikuta ofisi ikiwa na taipureta, na mimi, ambaye nilisomea jiografia chuo kikuu na ninaandika insha zangu pembeni, jambo ambalo karani hulieleza wageni kwa sauti ya chini kama ugonjwa.

Kazi hiyo tunaifanyia kwenye dirisha jeusi. Kwa asiyelijua, ukiondoa picha na vitufe vyote vya kompyuta unabaki na dirisha jeusi ambamo unaandika amri kwa maneno, nayo inatii au inakataa. Kabla hujaandika, linakuonyesha alama ndogo ya kukujulisha kwamba liko tayari: alama ya dola, na kando yake kijisanduku kinachopepesa. Basi. Hakuna karibu, hakuna umeamkaje. Unakaa mbele yake kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu na hakuambiwa kwa nini.

Alama hiyo inaweza kubadilishwa. Nilielezwa hivyo kwenye mafunzo ya wiki moja, na ingekuwa heri ningekuwa nimetoka nje kunywa chai wakati huo.

Nilianza na rangi. Kuifanya alama iwe ya kijani kulichukua dakika tano. Kuchagua ni kijani gani kulichukua alasiri mbili, kwa sababu kulikuwa na kijani cha majani chai ya kwetu Kanyakine baada ya mvua, na kijani cha ndengu za Kiritiri zikiwa kwenye gunia wazi sokoni, na kila nilipochagua kimoja nilihisi nimekisaliti kingine. Karani alipita nyuma yangu, akaona mistari ya namba imejaa kioo, akamwambia bosi kwamba huyu Mmeru anafanya kazi ngumu sana siku hizi mpaka anahurumiwa.

Kisha nikaja kwenye saa. Kompyuta ilikuwa inasema saa nane asubuhi, na hakuna mtu niliyemjua aliyewahi kuona saa nane asubuhi. Nikaandika mstari wa kupunguza sita, na alama yangu ikaanza kusema saa mbili na robo kama binadamu. Kwa wiki nzima hakuna aliyegundua, maana ilisema saa ile ile ambayo sote tulikuwa tunasema kwa mdomo. Bosi ndiye aliyekuja kushtuka, kwa sababu yeye husoma kwa Kiingereza, akaamua kwamba betri ya ndani imekufa.

Nikaongeza neno "nyumbani" kila unapokuwa kwenye folda ya mwanzo. Nikaongeza siku ya wiki. Nikaongeza rangi inayobadilika kulingana na mvua: kituo chetu cha Ishiara kikikaa siku saba bila milimita hata moja, alama nzima iligeuka rangi ya vumbi. Hii ndiyo niliyoiona kuwa kilele cha elimu yangu. Alama ilikuwa imerefuka kiasi kwamba amri yenyewe ilikosa nafasi, na ukiandika maneno mengi yalifika mwisho wa kioo, yakarudi mwanzo wa mstari ule ule, yakaanza kuyala yale ya kwanza, kama mbuzi anayetafuna kamba aliyofungiwa. Nilichukua muda kulirekebisha hilo. Sitasema muda gani, ila kuna ripoti ya mwezi ule ambayo haikuandikwa.

Ningekomea hapo ningekuwa mtu wa kuchekwa tu. Lakini kuna asubuhi nilifungua dirisha lile, na pamoja na rangi zake zote na saa yake ya kistaarabu, likaningoja nitoe amri bila kunijulia hali. Likaniudhi. Mimi nimezaliwa katika boma ambalo mtu hawezi kuomba hata kaa la moto kabla ya kusalimia. Jirani akija kwetu kuazima jembe, jembe ndilo la mwisho kutajwa. Kwanza anauliza mmeamkaje, kisha wazee, kisha ng'ombe yule aliyekuwa amekataa kula, kisha kama ilinyesha upande huu wa mto maana kwake yalikuwa manyunyu tu. Mama anajibu yote hayo, anauliza na yake, na jembe liko pale ukutani linaonekana na wote wawili. Siku moja nikiwa mdogo nilitumwa kwa jirani, nikaingia jikoni kwake nikasema, "Mama anataka ungo." Nilirudishwa mpaka langoni nikaanza upya, na ungo sikupewa mpaka nilipofika kwenye ng'ombe.

Kwa hiyo nikaandika salamu. Ilikuwa mstari mmoja: "Habari ya asubuhi? Nyumbani hawajambo? Huko mvua imenyesha?" Chini yake nikaweka sharti. Ukijibu chochote, dirisha linakufungulia. Ukibonyeza tu bila neno, linarudia swali, na litarudia mpaka ujifunze.

Kuna faili moja iliyofichwa ambayo kompyuta huisoma kila mtu anapobisha hodi kwa neno la siri, na humo ndimo mambo haya huandikwa. Nilipoifungua nilikuta mistari ya watu wengine kuanzia juu, maneno ya Kiingereza ya kiufundi ambayo sikuyasoma kwa makini kwa sababu yalikuwa yao. Nikaiweka salamu yangu juu kabisa, kabla ya kila kitu. Sikufikiri hata kidogo. Salamu huwekwa wapi kama si mwanzo?

Karani ndiye aliyesalimiwa wa kwanza. Niliketi upande wa pili nikijifanya napanga karatasi.

"Kwani hii kompyuta imekuwaje?" akasema. "Inaniuliza habari ya nyumbani."

"Ati?"

"Inauliza kama kumenyesha."

"Basi ijibu."

Akavaa miwani. Laiti ningemwonya. Karani si mtu wa kujibu "nzuri" halafu akanyamaza. Aliandika kwamba nyumbani si vibaya, ila magoti ya mzee yameanza kuuma tena, na fundi aliyeahidi kuja kutengeneza paa la zizi hajaonekana tangu Jumatano, na mvua ilinyesha kidogo lakini ya upepo. Kisha akabonyeza, dirisha likafunguka, akaridhika. Tangu siku hiyo akawa anafika kazini mapema ili apate nafasi ya kujibu vizuri. "Angalau kuna mmoja humu ananiuliza," alisema, akitutazama.

Bosi alisalimiwa siku ya pili. Bosi si mtu mbaya, lakini huingia ofisini akiwa ameshaanza sentensi. Alibonyeza, kompyuta ikauliza. Akabonyeza tena, ikauliza tena. Nilihesabu mara saba. Mwishowe karani akamwambia kwa upole, "Bosi, inataka ujibu," naye akaandika NZURI kwa herufi kubwa kama mtu anayetia sahihi akiwa chini ya ulinzi. Halafu akageuka.

"Nani amechezea hii mashine?"

Karani akasema si yeye, na kila mtu aliamini.

"Mama?" bosi akaniuliza mimi.

"Labda ni mambo ya kujisasisha," nikasema, nikatazama nje.

Huo ndio uongo wa kwanza, na ulikuwa mdogo, ungeweza kutoshea mfukoni. Ishiara ndiyo iliyoukuza.

Vituo vyetu vingi hutuma milimita zao kwa ujumbe wa simu, na karani huziingiza. Ishiara peke yake ilikuwa na kompyuta ndogo, kwa majaribio. Mtunzaji wake ni mwalimu mstaafu, mzee aliyefundisha hesabu darasani maisha yake yote na ambaye sisi tunamwita Mwalimu tu. Kipimo kiko nyuma ya nyumba yake, ndani ya uzio alioujenga mwenyewe dhidi ya mbuzi wake mwenyewe. Mwaka uliotangulia nilikwenda kumfundisha. Nilijua hatataka amri ndefu, kwa hiyo nilimtengenezea neno moja: aandike "tuma" kwenye dirisha lake jeusi, na kompyuta ndogo ingebisha hodi kwa ile kubwa ya Embu na kuikabidhi faili yote ya msimu, yaani siku mpya pamoja na za nyuma. Faili ikipokelewa, kwake kunatokea mstari unaosema asilimia mia. Mwalimu aliupenda mstari huo. Alisema katika miaka yote ya kufundisha hakuwahi kuuona.

Siku ile niliyoweka salamu, faili ya Ishiara haikufika. Wala siku iliyofuata. Sikuona uhusiano wowote. Baada ya wiki moja alama yangu ikageuka rangi ya vumbi, na naona aibu kuandika nilichofanya: nilifurahi. Nilisema moyoni, tazama jinsi inavyofanya kazi. Ishiara imekauka na alama imejua.

Bosi alimwandikia Mwalimu ujumbe wa simu wa neno moja: "Data." Mwalimu akajibu: "Nimetuma." Kesho yake bosi akaandika: "Haijafika." Mwalimu akajibu: "Nimetuma, na mmepokea." Hivyo hivyo kwa wiki kadhaa, wanaume wawili wakirushiana neno moja moja kama watoto wanaorushiana mawe na kila mmoja ana mawe machache. Nilitaka kumpigia Mwalimu mwenyewe, lakini bosi alitangaza kwamba mambo ya Ishiara yote yapitie kwake.

Katika wiki ya nne akatuita.

"Huyu mzee amechoka," alisema. "Anasema ametuma na hakuna kitu. Ninahamisha kipimo pamoja na kompyuta. Kinaenda Kanyakine."

Karani akageuza shingo polepole akaniangalia. "Kanyakine," akasema. "Kwenu."

"Sikuomba," nikasema.

"Hukuomba. Lakini kompyuta imeanza kusema Kiswahili cha shule, mara Ishiara imepotea, mara kipimo kinakwenda kwa kina Mmeru. Mimi sisemi kitu. Mimi nahesabu tu."

Alikuwa anatania, lakini nilijua utani huo ukifika Ishiara hautakuwa utani tena. Wangesema nimemnyang'anya mzee wao kituo nikapeleka nyumbani kwa mama. Kama kukiri kulikuwa kugumu kabla ya hapo, sasa kulikuwa kama kupanda mti nimevaa gauni la harusi. Bosi akauliza tena, kwa mara ya tatu, nani aliyeigusa kompyuta kubwa, maana alitaka kuandika kwenye ripoti kwamba upande wetu hauna kosa. Nikasema sijui. Siku hiyo sikutaja hata kujisasisha. Ijumaa bosi akamwandikia Mwalimu barua ya onyo, akaipeleka kwa gari la ofisi.

Mwishoni mwa wiki hiyo sikuwa na amani, nikaanza kusoma. Nilisoma maelezo ya faili ile iliyofichwa, yale maneno ya watu wengine niliyokuwa nimeyaruka. Mstari wa kwanza wao, ule niliouweka chini ya salamu yangu, ulikuwa unasema hivi kwa ufupi: kama anayebisha si mtu bali ni mashine nyingine, acha hapa hapa, usiseme neno. Na maelezo yakaongeza kwamba ukitanguliza maneno yoyote juu ya mstari huo, mashine inayoleta faili itashangaa, itadhani imekataliwa, na itaondoka na mzigo wake.

Nilisoma mara mbili. Kila asubuhi kompyuta ndogo ya Ishiara ilikuwa imebeba milimita zake, imefika mlangoni Embu, na badala ya kupokelewa ikaulizwa habari ya nyumbani. Maskini haikuwa na nyumba. Ikarudi.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya karani, jambo ambalo tangu enzi ya salamu lilihitaji juhudi. Nikaichukua mistari yangu, nikaishusha chini ya ule mstari wa onyo. Watu wangeendelea kusalimiwa, mashine zingepita kimya. Ilinichukua nusu dakika. Nikanywa chai nikijiona mjanja. Faili itafika, bosi atasahau, kipimo kitabaki, na mimi nitaingia kaburini na siri yangu kama mtu mwenye heshima.

Jumatatu Mwalimu alikuwa ameshatuma kabla sijafika, kwa hiyo faili ilifika Jumanne asubuhi, yote, siku za wiki tano zimejaa. Bosi aliiona kabla yangu.

"Mnaona?" akasema, na alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. "Nilimwandikia Ijumaa, barua imefika, leo ametuma. Wiki tano alikuwa amelala. Halafu ameketi jana akajaza namba zote kwa mara moja." Akagonga kioo kwa kalamu. "Hizi ni za kubuni."

"Bosi, Mwalimu habuni," nikasema.

"Utajuaje?"

Nilijua vizuri sana, na sikusema. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mwanzoni nilikuwa nimemfanya aonekane mvivu, na sasa, kwa kumsaidia kwa siri, nilikuwa nimemfanya mwongo. Mtu aliyefundisha hesabu, kuliko kumwambia namba zake ni za kubuni, ni afadhali umwambie mbuzi wake ni wa wizi.

"Gari linakwenda kukichukua kipimo Alhamisi," bosi akasema. "Acha nimpigie nimwambie, asije akasema hakujulishwa." Akaweka simu mezani, akawasha spika ili tuwe mashahidi.

Simu ililia mara moja tu.

"Mwalimu, ni mimi wa Embu," bosi akaanza. "Hizi namba za wiki tano umezitoa wapi?"

Kuku alisikika.

"Nimezitoa kwenye kipimo," sauti ya Mwalimu ikasema. "Wewe ulidhani nazinunua sokoni?"

"Mbona hukuzituma?"

"Nimezituma kila siku. Na nyinyi mkanisalimia, nami nikawajibu. Leo ndiyo hamkunisalimia, ni mstari tu wa asilimia mia. Nikamwambia mke wangu, ile barua si mchezo, hawa wamekasirika kabisa."

Bosi akatutazama. Mimi nilikuwa naitazama stepla.

"Nani alikuwa anakusalimia, Mwalimu?"

"Kompyuta yenu. Naandika 'tuma', inaniuliza habari ya asubuhi, nyumbani hawajambo, huko mvua imenyesha. Sasa mtu akikuuliza hivyo utakaa kimya? Naandika. Naandika hawajambo, mvua imenyesha milimita kumi na mbili, nabonyeza. Halafu inaniambia kwa Kiingereza kwamba hiyo amri haijulikani. Kila siku. Nikasema labda ndivyo watu wa ofisi wanavyosema asante."

Karani akafunika mdomo kwa leso.

Mambo yote yakanijia kwa pamoja. Salamu yangu ilikuwa imesafiri kupitia mlango ambao sikujua uko wazi, ikatokea kwenye kioo cha mzee Ishiara, na mzee akawa anajibu dirisha lake mwenyewe, ambalo halikuwa limeuliza chochote.

"Na hayo majibu unayakumbuka?" bosi akauliza, sauti yake imeshuka.

"Sikumbuki, nimeandika. Mimi sijibu swali bila kuweka nakala. Nina daftari hapa. Nikusomee?"

"Soma."

Akasoma. Alianza na siku ya kwanza ya salamu, akaenda moja baada ya nyingine, na bosi akafuata kwa kalamu kwenye faili. Hawajambo, mvua hakuna. Hawajambo, mvua hakuna, ila mawingu upande wa Kiritiri. Mama watoto ana mafua, mvua milimita kumi na mbili. Amepona, milimita nne. Kalamu ya bosi ilishuka kwenye kioo na kila ilipotua ilikuta namba ile ile. Alipofika wiki ya tatu bosi aliacha kufuata, akawa anasikiliza tu. Mwalimu hakuacha. Alisoma mpaka jana.

"Sasa niambie ni ipi niliyobuni," akasema alipomaliza.

Bosi akaiweka kalamu mezani. Karani alikuwa ananitazama, na si kwa utani. Nikaona kwamba namba zimejitetea zenyewe, na kwamba bado ningeweza kunyamaza, kwa sababu kujisasisha kunabeba dhambi nyingi. Lakini mzee alikuwa amekaa wiki tano akitukanwa kwa sababu ya salamu yangu.

"Mwalimu," nikasema, "ni mimi."

"Nani huyo?"

"Ni mimi niliyekuja kukufundisha 'tuma'. Hiyo salamu ni yangu. Niliiweka mahali pabaya, ikawa inazuia faili yako. Kosa halikuwa lako hata siku moja. Bosi aliniuliza mara tatu nikakana."

Bosi alinigeukia na kiti chake kizima.

"Kumbe ni wewe," Mwalimu akasema. "Mimi nilidhani ni huyu bosi. Nilikuwa nimewaambia watu kanisani kwamba Embu wameleta mkubwa aliyelelewa vizuri."

Karani alitoka nje.

Bosi akakohoa. Alikuwa mwekundu kadiri mtu wetu anavyoweza kuwa mwekundu. "Mwalimu," akasema, "gari haliji Alhamisi. Kipimo kinabaki hapo hapo."

"Nimesikia. Na barua?"

"Barua naifuta."

"Haifutwi kwa mdomo. Nitakurudishia, uandike juu yake kwa kalamu nyekundu kwamba ulikosea, utie sahihi na tarehe, halafu uniletee. Mimi nitaiweka kwenye daftari."

"Sawa, Mwalimu."

"Na huyo mama wa Kanyakine yupo bado?"

"Nipo," nikasema.

"Wewe utakuja Jumamosi unisalimie kwa mdomo. Na mke wangu pia, maana nilikuwa namsomea. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza leo wamesemaje."

Nikasema nitakuja.

"Uje mapema," akasema. "Jua la huku si la kwenu." Akakata simu, na bosi akaenda kutafuta kalamu nyekundu.